Jinsi ya kupima stenti ya ini kwa Doppler: mwongozo kamili wa kufuatilia TIPS

Ripoti ya kwanza inasema stenti, yaani bomba dogo la waya lililowekwa ndani ya ini kupitisha damu, iko wazi, na kasi ya damu ndani yake ni 140. Miezi mitatu baadaye ripoti ya pili inasema kasi ni 85, inashukiwa stenti imesinyaa, na mgonjwa anaanza kuandaliwa arudi kwenye chumba cha katheta. Ukifungua picha zenyewe unakuta ya kwanza ilipimwa katikati ya stenti, mgonjwa akipumua taratibu. Ya pili ilipimwa mwanzoni mwa stenti, mgonjwa akiwa ameambiwa avute pumzi hadi mwisho na aishikilie. Stenti ni ileile. Mkono uliopima ndio uliobadilika.

Kosa hili linajirudia mno, na anayelilipia ni mgonjwa: ama anachomwa shingo bila sababu, ama anarudishwa nyumbani huku njia yake inaziba. Ndiyo maana nimeandika hatua zote hapa kwa utaratibu, pamoja na sababu ya kila moja. Ni kwa ajili ya wapimaji wa altrasaundi, na pia madaktari na wauguzi wanaosoma ripoti zao. Itifaki ya kituo chako ikisema vingine, ifuate hiyo.

Kasi zote humu ni sentimita kwa sekunde.

## Kwanza, uielewe njia yenyewe

TIPS ni stenti iliyopitishwa ndani ya nyama ya ini, kutoka tawi la vena ya lango (mshipa unaoleta damu ya matumbo na wengu kwenye ini), mara nyingi la kulia, hadi kwenye vena ya ini, mara nyingi ya kulia pia. Damu ya matumbo na wengu iliyokuwa ikikwama kwenye ini lenye makovu hupata njia ya kurudi moyoni bila kupenya nyama hiyo. Shinikizo linashuka, mishipa iliyovimba kwenye umio inanywea, maji tumboni yanapungua.

Stenti ikisinyaa, yote hayo hurudi nyuma. Mgonjwa anaweza asihisi chochote hadi siku anapotapika damu. Sisi tunapima ili tuione hali hiyo kabla yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine yenye Doppler (altrasaundi inayosoma mwendo wa damu) ya rangi na ya mawimbi, na proba ya tumbo iliyopinda (kifaa kinachowekwa juu ya ngozi), ya megahezi 2 hadi 5.
- Tarehe ya kuwekwa stenti, aina yake (yenye kitambaa au ya waya mtupu), kipenyo chake na vena ilizounganisha.
- Picha za vipimo vilivyotangulia. Picha zenyewe, maana ripoti peke yake haikuambii namba ilitoka wapi.
- Mgonjwa ambaye hajala kwa saa 6 hivi. Dawa zake anywe kwa maji kidogo kama kawaida.
- Dakika 30 hadi 45 zisizo na haraka.

Ukikosa picha za zamani, pima tu, lakini andika wazi kwamba hukuwa na cha kulinganisha nacho.

## Hatua ya 1: Hesabu siku tangu stenti iwekwe

Stenti nyingi za sasa zimevikwa kitambaa cha PTFE, aina ya plastiki. Kitambaa hicho kikiwa kipya hubeba vipovu vidogo vya hewa, na altrasaundi haipiti kwenye hewa. Ukipima siku ya pili utaona mstari mweupe wenye kivuli cheusi nyuma yake, wala hutaona rangi ndani. Wapimaji wengi wamewahi kuandika "imeziba" hapo, na haikuwa imeziba.

Hewa hiyo hutoka yenyewe ndani ya siku chache. Kwa hiyo kipimo cha msingi, kile ambacho vyote vijavyo vitalinganishwa nacho, kifanywe kati ya siku ya 7 na ya 14. Stenti ya waya mtupu unaweza kuipima siku inayofuata.

Ikiwa daktari anataka kujua jambo mapema, kwa mfano maumivu makali au shinikizo la damu kushuka, pima. Lakini tafuta mengine: damu iliyovuja tumboni, uvimbe wa damu chini ya ganda la ini, njia za nyongo zilizotanuka, na kasi ya vena ya lango ambayo bado unaweza kuiona. Ndani ya stenti usitoe hukumu.

Baada ya kipimo cha msingi, vituo vingi hurudia kwenye mwezi wa 3 na wa 6, kisha kila miezi 6. Dalili zikijitokeza katikati, usingoje tarehe.

## Hatua ya 2: Mlaze mgonjwa na umfundishe kupumua

Chakula huongeza damu inayokwenda kwenye vena ya lango, hivyo aliyetoka kula huonekana ana mtiririko mzuri kuliko alionao. Hiyo ndiyo sababu ya tumbo tupu. Pia gesi ya matumbo hupungua.

Anza akiwa chali, kisha mgeuze alalie ubavu wa kushoto. Mkono wake wa kulia uwe juu ya kichwa ili nafasi za mbavu zifunguke.

Sasa pumzi. Akivuta pumzi kwa nguvu, shinikizo la kifua na tumbo hubadilika na kasi ndani ya stenti inaweza kushuka kiasi cha kukudanganya. Mwambie: "Pumua kama kawaida, mama. Haya, simamisha hapo hapo ulipofika, usivute zaidi." Fanyeni mara mbili tatu kabla hujapima chochote. Asiyeweza kusimamisha pumzi, mpime akipumua taratibu, uandike hivyo.

Wakati huohuo mwangalie mtu mwenyewe. Akijibu maswali polepole kuliko kawaida, akisahau amekuja kufanya nini, au ndugu yake akikwambia siku hizi hulala mchana na kukesha usiku, hiyo inaweza kuwa athari ya sumu zinazopita kwenye stenti bila kusafishwa na ini. Mashine haitakuonyesha jambo hili, na daktari anahitaji kulijua.

## Hatua ya 3: Tazama bila rangi

Pita katikati ya mbavu upande wa kulia mpaka uone mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba. Hizo ni kuta za stenti. Zifuate mwanzo hadi mwisho.

Angalia ncha mbili. Ya chini ikae ndani ya vena ya lango bila kugonga ukuta wake. Ya juu ifike karibu na pale vena ya ini inapoingia kwenye vena kuu ya chini. Stenti ikiwa fupi upande huo, kipande cha vena ya ini kilichobaki wazi ndicho hunenepa ukuta na kusinyaa. Kamba hukatikia pabovu, na kwenye TIPS pabovu pa kawaida ni hapo juu.

Pima kipenyo cha ndani sehemu kadhaa. Kwa kawaida ni kati ya milimita 8 na 10. Tafuta donge la damu, stenti iliyokunjika au iliyosogea. Kisha wengu, na maji tumboni: yapo, hayapo, yameongezeka tangu mara ya mwisho?

Umefaulu ukiwa na picha moja inayoonyesha stenti kwa urefu wake, au picha mbili zinazounganika.

## Hatua ya 4: Washa rangi, na usiiamini upesi

Rangi haina uhusiano na ateri au vena. Inakuambia kitu kimoja tu: damu inaijia proba au inaikimbia. Kwa mashine nyingi nyekundu inakuja na bluu inakwenda, lakini angalia ufito wa rangi pembeni ya skrini kwanza, kwa kuwa kuna anayeweza kuwa ameugeuza kabla yako.

Stenti imepinda. Damu inayokwenda njia moja inaweza kuanza nyekundu na kuishia bluu kwa sababu tu imepita kwenye kona. Ili usiite hiyo "damu imegeuka", tazama mpaka kati ya rangi mbili:

- Zikitenganishwa na mstari mweusi, mwelekeo kuhusiana na proba umebadilika kweli. Kwenye kona hilo ni jambo la kawaida.
- Zikikutana kupitia rangi angavu, njano ikigusana na buluu mpauko, kasi imezidi skeli uliyoweka, yaani kasi ya juu ambayo mashine inaweza kuionyesha. Pandisha skeli.

Anza na skeli ya rangi kati ya 60 na 90. Shusha geini ya rangi (kiwango cha kukuza ishara) mpaka madoadoa nje ya mshipa yaishe, kisha irudishe kidogo. Rangi ijaze stenti ukuta hadi ukuta. Sehemu moja ikibaki na rangi ya mchanganyiko mkali wakati kwingine kumetulia, iwekee alama, utapima hapo.

## Hatua ya 5: Vena ya lango kabla ya stenti

Nakushauri upime hapa kabla ya kuingia kwenye stenti, maana namba hii ni ngumu kukosea na ina uzito mkubwa. Pima kwenye shina la vena ya lango, nje ya ini, mahali palepale kila mara.

Kabla ya stenti damu hapa ilikuwa ikijikokota. Baada ya stenti nzuri huenda kwa kasi, ikielekea kwenye ini. Vituo vingi huanza kushuku kasi ikiwa chini ya 30. Ikiwa ilikuwa 45 na sasa ni 25, una habari ya kumwambia daktari hata kabla hujagusa stenti.

## Hatua ya 6: Ndani ya stenti, sehemu tatu, pembe moja

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tuende polepole.

Mashine haipimi kasi. Inapima badiliko la masafa ya sauti iliyorudi, kisha inaligawanya kwa kosaini ya pembe uliyoiambia wewe. Ukiweka mstari wa pembe vibaya, mashine itakokotoa kwa usahihi kabisa jibu lisilo sahihi.

Tazama kosa la digrii 5 tu linafanya nini, mstari ukizidi pembe halisi:

- Pembe halisi 30: kasi inazidishwa kwa asilimia 6.
- Pembe halisi 45: asilimia 10.
- Pembe halisi 60: asilimia 18.
- Pembe halisi 75: asilimia 49.

Sasa chukua mgonjwa ambaye kasi yake ya kweli ni 165 kwa digrii 60. Ukiweka mstari kwenye 65, unasoma 195, na umevuka kikomo cha juu cha 190. Mwingine kasi yake ya kweli ni 100. Ukiweka mstari kwenye 55 badala ya 60, unasoma 87, na umeshuka chini ya kikomo cha chini cha 90. Wote wawili ni wazima. Wote wawili wataambiwa stenti ina tatizo.

Kwa hiyo:

a) Tafuta dirisha ambalo pembe ni 60 au chini yake. Ukishindwa kati ya mbavu mbili, jaribu nafasi ya juu au ya chini, au pita chini ya mbavu. Sogeza proba, usilazimishe mstari.

b) Mstari wa pembe uende sambamba na ukuta wa stenti pale palipo na geti, kidirisha kidogo ambacho mashine inasoma kasi ndani yake. Kwenye kona, kuta za mbele na nyuma zitakuvuta. Angalia sentimita moja tu inayozunguka geti.

c) Geti likae katikati ya mfereji, liwe na upana wa milimita 3 hadi 5. Likigusa ukuta utapata kelele za chini.

d) Pandisha skeli ya mawimbi hadi 200 au zaidi, ili kilele kisikatike juu na kutokea chini. Kikikatika, shusha mstari wa sifuri kwanza. Ikishindikana, tafuta dirisha lililo karibu zaidi na stenti, kwa sababu kina kirefu hupunguza kasi ya juu ambayo mashine inaweza kuisoma.

e) Pima mwanzo wa stenti upande wa lango, katikati, na mwisho upande wa vena ya ini. Ongeza mahali popote ulipoweka alama kwenye hatua ya 4. Kila sehemu chukua mapigo matatu hadi manne yanayofanana.

f) Kwenye kila picha andika mahali na pembe. Picha isiyo na maneno hayo haitamsaidia mwenzako miezi sita ijayo.

Umefaulu ukipata mawimbi safi yenye kupanda na kushuka kidogo kufuata moyo, na kasi kati ya 90 na 190 kote. Msukosuko kiasi ndani ya mawimbi ni wa kawaida; damu inapita kwenye bomba lenye kona.

Onyo: mawimbi yakiwa bapa kabisa, yasiyofuata moyo, fikiria kuna kizuizi kati ya geti na moyo. Na moyo wa kulia ukiwa umechoka, shinikizo lake hurudi hadi kwenye stenti na kasi hushuka ingawa stenti ni nzima. Ukiona vena kuu ya chini imejaa na haipungui kwa pumzi, liandike.

## Hatua ya 7: Damu inaelekea wapi kwenye matawi?

Watu huiruka hatua hii kwa sababu haina namba, nami naiona ni ya thamani sana.

Stenti ikifanya kazi vizuri, huvuta damu kama mfereji uliofunguliwa. Hata damu iliyokwisha kuingia kwenye tawi la kushoto la vena ya lango mara nyingi hugeuka nyuma ili ipite kwenye stenti. Ukiona hivyo kwenye kipimo cha msingi, ni ishara njema. Ukikuta miezi kadhaa baadaye damu hiyo imerudi kwenda ndani ya nyama ya ini kama zamani, stenti haivuti tena kama ilivyokuwa. Ishara hii inaweza kuonekana hata namba za kasi zikiwa bado ndani ya mipaka.

Tahadhari moja: kwa baadhi ya wagonjwa mshipa wa kitovu umefunguka upya na unavuta damu kupitia tawi la kushoto. Kwao damu ya tawi hilo huenda mbele tangu siku ya kwanza, na stenti ni nzima. Ndiyo sababu unalinganisha na mgonjwa huyuhuyu, wala si na picha ya kitabuni.

Kisha angalia vena ya ini iliyopokea stenti. Damu yake iende kwenye vena kuu ya chini. Ikirudi nyuma, shuku kusinyaa kwa ncha ya juu. Malizia na ateri ya ini, ambayo kasi yake kwa kawaida huongezeka baada ya stenti.

## Hatua ya 8: Linganisha

Weka picha za leo pembeni ya zile za msingi. Mambo ya kutia shaka ni haya:

- Kasi ndani ya stenti chini ya 90 au juu ya 190.
- Kasi imepanda au kushuka kwa zaidi ya 50 mahali palepale, hata kama iko ndani ya mipaka.
- Sehemu moja kasi inaruka ghafla, na nyuma yake damu inajikokota.
- Shina la vena ya lango liko chini ya 30.
- Damu ya matawi imebadili mwelekeo tangu kipimo cha msingi.
- Maji tumboni yamerudi.

Namba hizi nyingi zilitokana na stenti za waya mtupu, na vituo havikubaliani sana kuhusu mipaka yake. Kwa hiyo jambo moja pekee lisikutishe kupita kiasi. Mawili yakikubaliana, yachukulie kwa uzito. Stenti iliyotoka 170 hadi 105 imo ndani ya mipaka, lakini mimi sitaiita ya kawaida, hasa vena ya lango ikiwa imeshuka nayo.

Ukishuku, pima tena papo hapo ukibadilisha dirisha. Namba ikirudi ileile kutoka upande mwingine, ni ya kuaminika.

## Hatua ya 9: Ukikosa damu kabisa

Usiandike "imeziba" kabla ya kufanya haya. Shusha skeli ya rangi hadi 10 au 20. Shusha filta ya ukuta, ile inayochuja mwendo wa polepole. Pandisha geini. Badili dirisha ili pembe ipungue. Tumia Doppler ya nguvu, ambayo hukamata mtiririko dhaifu bila kujali mwelekeo. Weka geti ndani ya stenti usikilize sekunde kadhaa.

Kama mashine ina uwezo wa kutumia dawa ya vipovu vidogo vya mshipani na kuna aliyefunzwa kuichoma, hapa ndipo inapofaa.

Bado kimya? Hiyo ni simu ya leo kwa daktari, siyo ripoti ya kusubiri faili.

## Hatua ya 10: Andika ripoti inayoweza kurudiwa

Taja siku tangu stenti iwekwe, hali ya mgonjwa (tumbo tupu, mkao, pumzi), kasi tatu za ndani ya stenti na pembe zake, kasi ya vena ya lango, mwelekeo wa tawi la kushoto na la kulia, vena ya ini, maji tumboni na ukubwa wa wengu. Kando ya kila namba ya leo andika ya msingi. Kisha hitimisho la mistari miwili: imebadilika au haijabadilika, na unapendekeza nini.

Kipimo kikitia shaka, kinachofuata ni venografia (picha ya mishipa kwa eksirei na dawa inayoonekana) na kupima shinikizo moja kwa moja. Lengo la kawaida kwa aliyewahi kutokwa damu ni tofauti ya shinikizo kati ya vena ya lango na vena za mwili iwe chini ya milimita 12 za zebaki, jambo ambalo altrasaundi haiwezi kulipima.

Na mgonjwa anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au aliyechanganyikiwa ghafla, apelekwe kwenye huduma ya dharura moja kwa moja, hata kama ripoti yako ya wiki iliyopita ilisema stenti iko wazi.